Kioo kwa Mfupa Unaotoa Usaha

Pitisha kidole upande wa mbele wa mguu wako, kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Huko hakuna nyama. Ni ngozi, na chini ya ngozi ni mfupa. Ndiyo sababu pikipiki ikigongwa Moi Avenue, au ikiteleza kwenye foleni ya kuingia feri ya Likoni, muundi ndio hutangulia kuvunjika, na ukivunjika mara nyingi hutoboa ngozi ukatokeza nje. Huko nje unakutana na vumbi, oili, maji ya mtaro na vipande vya suruali ya mwenyewe. Tangu dakika hiyo namna ulivyovunjika huwa si jambo kubwa tena. Jambo kubwa ni kilichoingia ndani, na saa kitakapooshwa.

Wengi hupona. Safu hii inawahusu wasiopona. Ni kijana wa boda aliyewekwa chuma, akaenda nyumbani kwa magongo, na mwezi wa tatu kikajitokeza kitundu kwenye ngozi kinachotoa usaha. Kitundu kinafunga, kinafunguka. Ananunua antibayotiki kwenye duka la dawa, anapata nafuu, vidonge vikiisha usaha unarudi. Chuma kinatolewa, usaha unabaki. Nyumbani wanasema ana donda ndugu, wengine wanasema mengine. Ndani ya mguu kipande cha mfupa kimekufa. Hakina mishipa ya damu, kwa hiyo dawa inayosafiri kwa damu haikifikii, na bakteria wamejifunika utando juu yake. Hakuna kidonge wala sindano ya kulimaliza hilo. Mfupa mfu sharti utolewe, na ukishatolewa linabaki shimo.

Shimo hilo ndilo ninalotaka tulizungumze. Kwa zaidi ya miaka 10 sasa kumekuwa na kifaa ambacho naamini kinaifaa shida hii kuliko shida nyingine zote kinazouziwa duniani: chembe za kioo zilizotengenezwa maalumu ili ziungane na mfupa. Mapema au baadaye kila hospitali ya kisiwa hiki cha Mombasa italazimika kuamua inunue au isinunue, iwe ni Coast General, ambayo wazee wa mji bado wanaiita Makadara, au Pandya pale Dedan Kimathi, au Aga Khan ya Vanga Road. Msimamo wangu nautoa mapema. Kioo hicho kinunuliwe kwanza kwa ajili ya mashimo yenye usaha. Kisinunuliwe kwa kila shimo. Na hospitali isiyoweza bado kusafisha mfupa vizuri na kufunika kidonda isikiguse kabisa.

Kwa nini shimo lijazwe? Likiachwa wazi hujaa damu, na damu iliyotuama mahali palipokuwa na usaha ni chakula cha bakteria waliobaki. Tena mfupa ulio na tundu kubwa ni dhaifu, na mfupa mpya hauwezi kuvuka kila pengo. Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1892 daktari Mjerumani aitwaye Dreesmann aliandika kuhusu wagonjwa aliowajaza mashimo ya mifupa, mengi ya kifua kikuu, kwa plasta ileile tunayofungia miguu, akiichanganya na dawa ya karboliki. Plasta hiyo huyeyuka mwilini baada ya wiki chache, na hadi leo ipo ya daraja la hospitali, ikichanganywa na antibayotiki.

Kifaa bora kuliko vyote, hata hivyo, mgonjwa anacho mwenyewe. Ni mfupa laini wa ndani unaochotwa kwenye ukingo wa nyonga. Una seli hai, una protini zinazoita seli nyingine, na una kiunzi cha kujengea. Pakiti nyingi za dukani hazina vyote vitatu, na daktari anayekwambia kioo kinaushinda mfupa wa nyonga anakuuzia bidhaa. Ila mfupa huo ni haba. Pale unapochotwa huuma, na wapo wagonjwa wanaolalamikia nyonga muda mrefu baada ya mguu kutulia. Mwenye shimo refu la muundi anaweza kuumalizia wote na lisijae. Na kuupanda mfupa hai mahali palipokuwa na usaha wiki iliyopita ni kuuhatarisha, kwani maambukizi yakirudi umepoteza mfupa mara mbili.

Ndipo hospitali nyingi zikaegemea ushanga wa simenti ya mfupa uliotiwa jentamaisini. Unatunga ushanga, unaupanga shimoni, unavuja dawa kali pale pale bila kuidhuru figo. Kazi yake ni nzuri kwa wiki chache. Kisha dawa inakwisha, na ushanga wenyewe unakuwa kitu kigeni ambacho bakteria wanaweza kukitumia kama makazi. Kwa hiyo mgonjwa arudi chumba cha upasuaji utolewe, halafu shimo lijazwe kwa kitu kingine. Hesabu nauli kutoka Lunga Lunga au Hola mara mbili, kitanda mara mbili, dawa ya usingizi mara mbili, na wagonjwa ambao kwa kukosa nauli hawarudi, wakakaa na ushanga mguuni miaka.

Kioo cha mfupa kilianzia kwenye vita. Mwaka 1967 Larry Hench, mtaalamu wa vioo na kauri wa Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa ndani ya basi akielekea mkutano wa jeshi la Marekani kuhusu utafiti wa malighafi, huko Sagamore, jimbo la New York. Aliketi karibu na kanali aliyerejea kutoka Vietnam. Kanali alimweleza habari za askari wanaokatwa miguu na mikono kwa kuwa mwili huikataa metali na plastiki wanayowekewa, akamuuliza kama wataalamu wake wanaweza kutengeneza kitu ambacho mwili utakikubali. Hench aliwaza hivi: ugumu wa mfupa unatokana na madini ya kalisiamu na fosfeti, basi kitu kitakachojiotesha madini hayo usoni mwake mwili hautakiona kuwa mgeni. Mwaka 1969 alipata mchanganyiko. Kwa uzito, silika 45 kwa 100, oksidi ya sodiamu 24.5, oksidi ya kalisiamu 24.5, na oksidi ya fosforasi 6. Mwenzake, daktari wa mifupa Ted Greenlee, aliweka vipande vya kioo hicho kwenye mapaja ya panya. Baada ya wiki sita alitoa taarifa kwamba haviwezi kuchomolewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971.

Mtu akisikia kioo kimewekwa ndani ya mfupa hushtuka, na ana haki, kwa sababu kioo anachokijua ni cha dirisha na bilauri. Mombasa tunacho kiwanda cha vioo, Milly Glass Works, pale Liwatoni, mwendo mfupi kutoka Ganjoni ninakoandikia. Chupa ya kawaida hutokana na mchanga, magadi ya viwandani na chokaa. Kioo cha Hench nacho hutokana na hivyo hivyo, kikaongezewa fosfeti. Tofauti imo kwenye kipimo. Kioo cha chupa kina silika zaidi ya 70 kwa 100, na silika nyingi hivyo hufunga kila kitu ndani. Ndiyo maana chupa hukaa baharini miaka na bado ni chupa. Ukiipunguza silika ukaongeza sodiamu na kalisiamu, kioo kinakuwa dhaifu mbele ya maji, na udhaifu huo ndio unaotafutwa. Silika ikizidi 60 hivi, kioo hakishikani tena na mfupa.

Kinachotokea ndani ya mwili ni hiki. Kioo kikilowa maji ya mwili, sodiamu huanza kutoka usoni mwake ndani ya dakika chache, na haidrojeni huchukua nafasi yake. Maji yanayokizunguka yanakuwa ya alkali. Usoni unabaki utando laini wa silika. Juu ya utando huo hujikusanya kalisiamu na fosfeti, nyingine kutoka kwenye kioo, nyingine kutoka kwenye damu, na baadaye huganda kuwa fuwele za apatiti, madini yaleyale yanayoupa mfupa ugumu. Nyuzi za kolajeni hunasa humo. Seli za kujenga mfupa zikifika hukuta uso zinaoujua. Fundi wa Mji wa Kale anayeziba ukuta wa mawe ya matumbawe kwa chokaa badala ya simenti anaielewa kanuni hii bila kusoma kemia: chokaa hushika kwa kuwa ni ndugu wa jiwe. Baadaye, akiwa Imperial College London, Hench na wenzake walionyesha pia kwamba silika na kalisiamu zinazovuja kutoka kwenye kioo huziamsha jeni za seli zinazojenga mfupa. Kwa hiyo kioo hiki hufanya zaidi ya kukubaliwa na mwili. Huusukuma mfupa ufanye kazi.

Bidhaa ya kwanza kuruhusiwa Marekani, mwaka 1985, haikuwa ya mguu. Ilikuwa kiungo kidogo cha kuchukua nafasi ya mifupa ya sikio la kati. Ikafuata ya taya, kisha unga wa kujaza mifupa inayoliwa na ugonjwa wa fizi. Mguu ulikuja mwisho.

Kwetu kioo chenye maana zaidi ni cha Wafini. Katika mji wa Turku watafiti walitengeneza mchanganyiko mwingine, silika 53, sodiamu 23, kalisiamu 20 na fosfeti 4, unaoitwa kitaalamu S53P4. Huyeyuka polepole kuliko kile cha Hench, na maabara zilionyesha kwamba unazuia bakteria wa aina nyingi. Njia yake ni rahisi kuieleza. Sodiamu na kalisiamu zinazovuja huifanya sehemu ile iwe ya alkali kupita bakteria anavyoweza kuvumilia, na chumvichumvi hizo hupandisha mgandamizo unaonyonya maji kutoka ndani yake. Humo hamna antibayotiki yoyote. Mwaka 2011 bidhaa hiyo iliruhusiwa Ulaya kwa matibabu ya maambukizi ya mfupa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu yote iliposimama. Ushanga wa simenti na plasta ya kisasa hutegemea jentamaisini au dawa nyingine ya kundi la antibayotiki. Sisi tunaishi mahali ambapo antibayotiki hununuliwa dukani bila cheti, nusu dozi, kwa jirani aliyebakisha. Mgonjwa anayefika kwa daktari wa mifupa na usaha wa miaka miwili ameshakunywa kila kitu kilichomo kwenye duka la dawa la mtaa wake. Bakteria waliobaki ndani ya mfupa wake ni wale waliozishinda dawa hizo. Kumwekea tena dawa ya ukoo uleule ni kubahatisha. Kitu kinachoua kwa alkali na chumvi kinampiga bakteria mahali ambapo usugu wake wa dawa haumsaidii. Kwa daktari wa Helsinki hiyo ni faida miongoni mwa faida. Kwa daktari wa Mombasa ndiyo sababu yenyewe ya kukitafuta.

Na ushahidi? Upo, lakini tuupime bila ushabiki. Daktari Lindfors wa Finland na wenzake walianza na wagonjwa 11, wakachapisha mwaka 2010. Mwaka 2017 walikusanya wagonjwa 116 kutoka vituo 11 vya nchi mbalimbali, na 90 kwa 100 walipona. Ni matokeo mazuri kwa ugonjwa unaojulikana kwa kurudi. Lakini karibu utafiti wote wa aina hii huwafuata wagonjwa bila kundi la kulinganisha. Mwaka 2016 timu ya McNally kule Oxford ilichapisha habari za wagonjwa 100 waliojazwa mchanganyiko wa plasta, apatiti na jentamaisini, na 96 kati yao maambukizi yaliisha. Mtu hawezi kuchukua 90 na 96 akatangaza mshindi, maana wagonjwa si walewale na mashimo si yaleyale. Ninachokisoma kwenye tafiti zote mbili ni kwamba waliopona walisafishwa na mikono iliyozoea kazi hiyo. Mfupa ulichongwa hadi pakatoka damu, sampuli kadhaa zikapelekwa maabara kabla ya dawa kuanza, ngozi nzima au nyama yenye damu ikafunika juu. Ukiyaondoa hayo, pakiti ya kioo ni mchanga wa bei ghali ndani ya jipu.

Watoto wanahitaji maneno yao peke yao. Mtoto hahitaji ajali ili mfupa wake uoze. Bakteria husafiri kwa damu kutoka kwenye jipu la ngozi au koo, wakatua karibu na goti au nyonga. Homa, mguu kuvimba, mtoto hataki kukanyaga. Akipelekwa kwa mkandaji akasuguliwa mafuta wiki mbili, siku za dawa kufaa zinapita. Pwani yetu ina mzigo wa ziada, selimundu. Damu ya selimundu huziba mishipa midogo ya mfupa, sehemu hufa, na bakteria wa salmonela hupenda kukaa hapo. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu ajue kwamba maumivu ya mfupa yanayoambatana na homa isiyoshuka si kila mara yale maumivu ya kawaida ya ugonjwa wake.

Je, watoto hawa wajazwe kioo? Wengi wao, hapana. Ujuzi wa ukanda huu katika jambo hili ni mkubwa, ulijengwa katika hospitali kama Beit CURE ya Blantyre, ambako ndiko jina la mpangilio wa aina za maambukizi ya mifupa ya watoto lilikotoka, CoRSU karibu na Entebbe, na CURE ya Kijabe. Mtoto ana ngozi ya mfupa iliyo hai na yenye nguvu. Mfupa wa zamani ukifa, ngozi hiyo hujenga mpya kuuzunguka. Kazi ya daktari ni kusubiri mpaka mpya uwe imara, ndipo autoe mfu. Akiharakisha, mtoto anabaki na pengo. Akisubiri vizuri, tundu linalobaki mara nyingi hujijaza lenyewe. Kioo kina nafasi kwa mtoto mwenye tundu lililozungukwa na mfupa mgumu usio na nguvu ya kujaza, au aliyefanyiwa upasuaji mara kadhaa bila kupona. Kumuuzia kila mzazi pakiti itakuwa dhuluma.

Kuna jambo lingine ambalo katika mtaa wa Ganjoni halipaswi kupitwa. Vijazio vingi vya mifupa, hasa vile vya meno na taya, hutokana na wanyama au maiti. Vipo vya ng'ombe, vipo vya nguruwe, vipo vya binadamu aliyefariki. Katika mtaa mmoja hapa anaishi Mwislamu, Mhindu, Mjaini na Mkristo, na kliniki za meno hupokea wote. Cha nguruwe kinamgusa mmoja, cha ng'ombe kinamgusa jirani yake, na ni nadra kwa mgonjwa kuambiwa kilichomo kwenye kichupa. Wanazuoni wana hukumu zao kuhusu dharura na kugeuka kwa asili ya kitu, sizisemei mimi. Ninachosema ni kwamba mgonjwa ana haki ya kujua, na kioo kinampa daktari jibu jepesi: hakikutoka kwa kiumbe chochote.

Asili hiyo ina faida ya kitabibu pia. Mwaka 2021 Marekani ilishuhudia jambo la kutisha. Bidhaa ya kujaza mifupa iitwayo FiberCel, iliyotengenezwa kwa mfupa wa mfadhili mmoja aliyefariki, ilikuwa na bakteria wa kifua kikuu. Wagonjwa 113 katika majimbo 18 walikuwa wameshawekewa kabla haijaondolewa sokoni. Mwaka 2023 mlipuko mwingine wa aina hiyo ukatokea. Ikiwa nchi yenye maabara zile ilipitwa na kifua kikuu ndani ya mfupa wa msaada, nchi ambayo kifua kikuu ni ugonjwa wa kila siku iwe na tahadhari maradufu kabla ya kuanzisha benki ya mifupa. Kioo huyeyushwa kwa joto la nyuzi 1,300 na zaidi. Hakuna kimelea kinachovuka hapo.

Mipaka yake ni wazi. Kioo hiki huvunjika, hakibebi uzito, na hakishikilii mfupa uliokatika. Kinafaa shimo lenye kuta. Pengo ambalo mfupa umekatika kabisa na sentimita kadhaa hazipo linahitaji vyuma vya nje na kuvuta mfupa taratibu, au mbinu ya hatua mbili ya Mfaransa Masquelet. Kwa uvimbe usio wa saratani au mfupa wa goti uliobonyea kimefanyiwa utafiti mzuri huko Turku na kinafaa, lakini huko mfupa wa nyonga kwa kawaida unatosha na haugharimu kitu dukani. Tena chembe zake hukaa. Wagonjwa wa Turku waliopigwa picha baada ya miaka 14 bado walionekana na chembe, hasa waliokuwa na mashimo makubwa. Si hatari, lakini daktari wa Malindi asiyejua historia anaweza kuitazama eksrei akadhani anaona mfupa mfu, akapasua bure. Mgonjwa apewe barua ya kukaa nayo maisha, na ipigwe picha kwenye simu yake.

Sasa bei, maana ndipo mambo mazuri mengi hufia. Mwaka 2019 timu ya Maastricht, Uholanzi, ililinganisha gharama za upasuaji mmoja kwa kioo cha Wafini na upasuaji wa hatua mbili kwa ushanga. Kioo ni ghali kwenye pakiti, lakini siku za kitanda zilipungua, na hesabu ya jumla ikakielekea kioo. Msomaji wetu asiihamishe hesabu hiyo kama ilivyo. Uholanzi siku ya kitanda ni ghali sana, na kwetu ni nafuu, wakati pakiti ni bei ileile ya Ulaya ikiongezewa usafiri na faida ya wakala. Ukitazama daftari la hospitali peke yake, kioo kitashindwa. Lakini gharama kubwa ya ugonjwa huu haimo kwenye daftari la hospitali. Imo kwenye pikipiki ya mkopo iliyochukuliwa na mkopeshaji, kwenye dada aliyeacha shule kuuguza, kwenye miezi ya kukaa kibarazani. Bima ya afya ya kitaifa, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024, inapopanga viwango vya upasuaji wa mifupa inapaswa kuihesabu safari ya pili ambayo mgonjwa ataepushwa.

Ninachokiogopa ni njia tuliyoizoea kwenye vyuma. Familia hupewa karatasi, huambiwa ikanunue nje, na wakala hungoja nje ya chumba cha upasuaji na sanduku lake. Kioo kikiingia kwa mlango huo, kitawekwa kwa mwenye fedha, na mwenye usaha wa miaka atabaki na usaha. Zitakuja pia pakiti zenye maandishi mazuri na unga usiojulikana. Vifaa vya tiba viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na hospitali idai namba ya usajili kabla ya kuifungua pakiti yoyote, kama inavyodai kwa dawa.

Wengine huniuliza, mbona tusikitengeneze kioo hiki hapa kwetu? Swali ni zuri. Mchanga wa silika tunao Kwale, magadi yanachimbwa Ziwa Magadi na kupita bandari hii kwenda ng'ambo, chokaa ipo pwani nzima. Lakini magadi ya Magadi yana floraidi, na mchanga wa Kwale huandamana na madini mazito, titani na chuma, ambayo mpaka mwisho wa 2024 yalikuwa yakichimbwa huko kibiashara. Kwa chupa si tatizo. Kwa mfupa, viwango vya kimataifa vinaweka ukomo mkali wa risasi, aseniki, kadimiamu na zebaki, na uyeyushaji hufanywa ndani ya chungu cha platinamu ili kioo kisichafuke. Kinachotukosesha si malighafi. Ni usafishaji, upimaji, na maabara inayoweza kusaini kwamba kundi hili la leo ni sawa na lile la mwezi uliopita. Kwa upande mwingine, mgonjwa huhitaji gramu chache. Tanuri dogo lingetosheleza Afrika Mashariki nzima. Watafiti wa Nigeria wamekwisha kuchapisha kazi za kutengeneza vioo vya aina hii kutokana na udongo wa kwao. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, kingeweza kuanza na kemikali safi za kununua na kufika kwenye mchanga wetu baadaye. Sioni pakiti ya Mombasa ikiwekwa ndani ya mgonjwa miaka michache ijayo, na sitaki iharakishwe, lakini naona vijana wa kemia wakianza.

Wakati huo huo, kazi kubwa zaidi ni ya kuhakikisha shimo halitokei. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, boda zimejaa nchi nzima, na barabara za Kenya huua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka. Waliobaki hai na mfupa nje wanahitaji antibayotiki ya mshipa ndani ya saa ya kwanza, maji safi mengi, na kisu cha kuondoa nyama iliyokufa. Dawa hiyo ya saa ya kwanza ni ya bei ndogo sana ikilinganishwa na kioo. Kituo cha afya cha kata kinaweza kuitoa kabla hata ambulensi haijafika.

Kwa hospitali itakayoamua kununua, ningeanza hivi. Pakiti chache zikae stoo ya hospitali, si mkobani mwa wakala. Zitolewe kwa saini ya madaktari wawili wa mifupa, kwa mtu mzima mwenye maambukizi ya muda mrefu, shimo lenye kuta, na nyama ya kufunika. Kila mgonjwa aandikwe kwenye daftari moja: bakteria gani alikutwa, shimo lilikuwa mililita ngapi, lilifunikwa kwa nini, usaha ulirudi au haukurudi. Ugonjwa huu hujificha, kwa hiyo daftari lisifungwe kabla ya miaka miwili. Na iandikwe humo namba ya simu ya mama au shangazi pamoja na ya mgonjwa, maana vijana wa boda hubadilisha laini kila mara, na asiyepatikana mwaka wa pili hatuwezi kumhesabu kwamba amepona.